Askari na Imani ya Watu: Habari za Polisi wa Kwanza wa London



Nataka kuanza kwa swali dogo. Mtoto achezaye njiani akiona askari polisi anakuja, je, humkimbilia au humkimbia? Maneno hayo mawili yamepitana kwa herufi mbili tu, lakini katika herufi hizo mbili mna habari yote nitakayowaelezeni leo. Mahali ambapo watu humkimbia askari, sheria ni kitu cha kuogopwa kama chui. Mahali ambapo watu humkimbilia, sheria ni kama boma: mwenye kuonewa huingia ndani yake akapona. Askari ni yule yule, na nguo zake ni zile zile. Tofauti yatoka wapi?

Ili tupate jibu, twendeni mpaka mji wa London, nchi ya Uingereza, katika mwaka wa 1829. Mwaka ule watu wawili walipewa kazi ya kuunda polisi ya mji ule mkubwa. Mmoja aliitwa Charles Rowan, naye alikuwa kanali wa jeshi aliyejeruhiwa katika vita vya Waterloo mwaka 1815. Wa pili aliitwa Richard Mayne, mwanasheria kijana mwenye miaka 32. Wote wawili walikuwa wazaliwa wa Ireland. Mmoja alijua amri, na mwingine alijua sheria. Nao wakafanya kazi pamoja kwa miaka zaidi ya 20. Leo nataka tutazame mawazo yao juu ya mambo matatu: wajibu wa askari, mamlaka yake, na imani ya watu kwake.

Kwanza yafaa tujue hali ilivyokuwa kabla yao. Watu wengi hudhani kwamba polisi ni jambo la kale sana huko Ulaya. Sivyo. Hesabu ya watu ya mwaka 1801 ilionyesha kwamba London ilikuwa na watu wapata milioni moja, walakini mji mzima haukuwa na kikosi kimoja cha polisi kama tunavyokijua sisi. Kila parokia, yaani mtaa wenye kanisa lake, ilikuwa na mlinzi wake. Raia alichaguliwa kushika kazi hiyo kwa mwaka mmoja bila mshahara, na aliyekuwa na fedha alimlipa mtu mwingine ashike zamu yake. Usiku walizunguka walinzi wenye taa na fimbo, wakitangaza saa kwa sauti. Wengi wao walikuwa wazee, na wevi walipowaona walicheka.

Tena Serikali ilikuwa na desturi ya kutoa zawadi kwa mtu aliyemkamata mnyang'anyi hata akahukumiwa, nayo ilikuwa paundi 40 kwa makosa fulani. Fedha hizo zilikuwa nyingi mno kwa mtu maskini. Basi kukamata wevi kukawa biashara, na biashara hiyo ikaoza. Alikuwako mtu mmoja, jina lake Jonathan Wild, aliyesifiwa kuwa mkamataji hodari kuliko wote. Mtu akiibiwa saa yake alikwenda kwake, akalipa, na saa ikapatikana. Kumbe Wild mwenyewe ndiye aliyekuwa mkuu wa wevi! Vijana wake waliiba, naye akawauzia watu mali yao wenyewe. Na mwivi aliyekataa kumtii alimpeleka mahakamani anyongwe, kisha akapokea zawadi. Kikulacho ki nguoni mwako. Wild alinyongwa mwaka 1725, lakini desturi ya zawadi haikufa pamoja naye.

Na adhabu je? Zilikuwa kali kupita kiasi. Mwanzoni mwa karne ya 19 makosa yaliyoweza kumpeleka mtu kwenye kitanzi yalizidi 200, na mengine yalikuwa wizi wa vitu tu. Hata hivyo wizi haukupungua, kwa sababu mwivi hakuogopa adhabu kubwa aliyodhani haitamfikia. Hili ni jambo la kukumbuka: ukali wa hukumu haumzuii mtu mbaya kama anavyozuiwa na hakika ya kukamatwa.

Ghasia zilipotokea mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwezi wa Juni mwaka 1780 London iliwaka moto kwa siku kadhaa katika ghasia zilizoitwa kwa jina la Lord George Gordon. Walinzi wa parokia hawakuweza kitu. Jeshi likaitwa, likapiga bunduki, na mamia ya watu wakafa. Tena tarehe 16 Agosti 1819, huko Manchester, watu wapata 60,000 walikusanyika kudai haki ya kuchagua wajumbe wa Bunge. Mahakimu wakawatuma askari wa farasi wenye panga kati ya mkutano ule, wake kwa waume. Watu wapata 15 waliuawa na mamia wakajeruhiwa. Basi hali ndiyo hiyo: kati ya mzee mwenye taa na askari wa farasi mwenye upanga, hapakuwa na kitu.

Mtaniuliza, mbona hawakuanzisha polisi mapema? Kwa sababu waliiogopa. Waingereza walitazama Ufaransa, wakaona kwamba polisi ya huko, katika siku za Napoleon, ilijaa wapelelezi waliosikiliza maneno ya watu kwa ajili ya Serikali. Wakasema, afadhali wevi kuliko wapelelezi. Hata kamati ya Bunge iliyolichunguza jambo hili mwaka 1822 ilisema ni vigumu kupatanisha polisi yenye nguvu na uhuru wa raia. Hofu ile haikuwa ya kipumbavu. Mtu anayetaka kulinda kijiji kwa mbwa mkali hana budi kuuliza kwanza kama mbwa huyo atajua wenyeji.

Waziri wa mambo ya ndani, Robert Peel, ndiye aliyelishinda Bunge, na sheria ya polisi ya London ikapitishwa mwezi wa Juni 1829. Jioni ya tarehe 29 Septemba mwaka ule, askari wa kwanza walitoka kwenda malindoni. Mwaka uliofuata walikuwa wapata 3,000. Rowan na Mayne walikuwa na ofisi yao katika nyumba ya Whitehall Place, iliyopakana kwa nyuma na ua ulioitwa Scotland Yard, na jina hilo ndilo lililoenea duniani.

Sasa tuyatazame mawazo yao. Waliyaandika katika kitabu cha maagizo ambacho kila askari alipaswa kukijua. Kwanza, juu ya wajibu. Walisema kazi kubwa ya polisi si kukamata bali ni kuzuia. Askari asisifiwe kwa wingi wa watu aliowatia pingu; asifiwe ikiwa lindo lake limetulia na makosa hayatendeki. Waligeuza kabisa mawazo ya siku za Wild, kwa maana Wild alihitaji wevi ili apate kula, na askari mpya alitakiwa asiwe na wevi wa kukamata. Kwa hiyo kila askari alipewa lindo lake, alizunguke kwa mguu tena na tena, ajue kila njia na kila mlango, hata awatambue wakazi wake. Wahenga wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Maana ni hiyo hiyo.

Pili, juu ya mamlaka. Rowan alikuwa mwanajeshi, lakini hakutaka askari wake wafanane na jeshi. Wanajeshi wa Kiingereza walivaa nguo nyekundu. Basi polisi wakavishwa koti la buluu na kofia ndefu kama raia wa siku zile. Hawakupewa bunduki wala upanga katika kazi yao ya kila siku. Walipewa rungu fupi, nalo lilifichwa chini ya koti, pamoja na kidude cha mti kilichoalika kikizungushwa, cha kuitia msaada. Kwenye kola ya kila mmoja palikuwa na namba. Wengine hudhani namba ile ilikuwa ya wakubwa kuhesabia askari wao. Naam, lakini ilikuwa ya raia pia, kwani aliyeonewa aliweza kuisoma na kuipeleka kwa wakuu.

Maagizo yalisema askari awe mpole na mwenye adabu kwa watu wa kila cheo; asijiingize katika jambo bila sababu, ila ikiwa sheria yamtaka aingie, aingie kwa moyo thabiti. Nao walikaza neno moja kuliko yote: askari atawale hasira yake. Akitukanwa, asijibu tusi. Akitishwa, asifadhaike. Walieleza sababu yake pia: askari afanyaye kazi kwa utulivu, watu wanaosimama karibu watavutwa kumsaidia. Hasira hasara, wasikilizaji wangu. Na hasira ya mwenye rungu ina hasara mara mbili, kwa aliyepigwa na kwa sheria yenyewe.

Mshahara ulikuwa shilingi 21 kwa juma. Haukuwa mkubwa, nao walikatazwa kupokea fedha za mtu bila ruhusa ya wakuu. Ninyi mliosoma Injili mtakumbuka kwamba askari walimwendea Yohana Mbatizaji kumwuliza wafanye nini, naye akawaonya juu ya kunyang'anya, kusingizia, na kutoridhika na mshahara. Naona Rowan na Mayne walikuta ugonjwa ule ule, wakajaribu dawa ile ile. Nao hawakuogopa kufukuza. Mtu aliyeandikwa namba moja katika orodha alifukuzwa siku ile ile ya kwanza kwa ulevi! Katika miaka iliyofuata maelfu walifukuzwa au waliiacha kazi wenyewe.

Tatu, juu ya imani ya watu. Hapa ndipo penye shida, maana imani haiandikwi katika kitabu cha maagizo ikawa. Watu wa London waliwachukia polisi wale, wakawapa majina ya matusi, wakawazomea njiani. Na mwaka 1833 chuki ile ilitoa tunda chungu.

Tarehe 13 Mei mwaka ule wafanyakazi walifanya mkutano katika uwanja wa Coldbath Fields. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba mkutano ni haramu. Polisi wakaja, wakazifunga njia, wakapiga watu kwa marungu. Katika msukosuko huo askari mmoja, Robert Culley, alichomwa kisu. Akaenda hatua chache, akaanguka, akafa. Kwa desturi ya sheria ya Kiingereza, raia 17 walikusanywa wachunguze kifo chake. Hawakuwa wahalifu wala wachochezi, bali watu wa kawaida. Nao walisemaje? Walisema aliyemwua askari yule hana hatia, kwa sababu watu hawakuamriwa kwanza kutawanyika kama sheria ilivyotaka, na kwa sababu polisi walifanya ukali mwingi bila kuchokozwa. Msimamizi wa uchunguzi aliwataka wageuze neno lao. Wakakataa. Walipotoka nje, watu waliwashangilia kama mashujaa, na baadaye wakafuliwa nishani. Mahakama ya juu iliutangua uamuzi ule, lakini haikuweza kuitangua maana yake.

Fikirini jambo hili. Mke wa Culley amefiwa na mume. Mumewe alikuwa amefuata amri ya wakubwa wake. Na mji washangilia! Mimi siwezi kusema kwamba kifo kile kilikuwa cha haki. Lakini naona kwamba Culley alilipa deni ambalo si lake peke yake. Kila rungu lililompiga mtu asiye na kosa siku ile lilikuwa limeandikwa katika hesabu, na hesabu ikamwangukia askari mmoja. Ndivyo ilivyo mpaka leo: askari mmoja akidhulumu, mwenzake asiye na hatia ndiye anayekutana na hasira ya watu usiku.

Mwaka ule ule jambo jingine likafichuka. Sajini mmoja wa polisi, William Popay, alivaa nguo za kiraia akajiingiza katika chama cha siasa, akajifanya mwanachama na rafiki wa watu, hata akawachochea waseme maneno makali. Bunge likafanya uchunguzi, Popay akafukuzwa, na kamati ikalaumu vikali polisi kupeleleza namna ile. Tazameni kwamba hofu ya Waingereza juu ya wapelelezi ilikuwa na sababu. Lakini tazameni pia kwamba jambo lilitolewa nje likachunguzwa waziwazi mbele ya watu. Kosa lililofichwa huoza. Kosa lililotolewa juani laweza kukauka.

Mabadiliko yalikuja polepole. Tarehe 10 Aprili 1848 maelfu ya watu walioitwa Chartists walikusanyika Kennington Common, kusini ya mto Thames, wakitaka kuandamana mpaka Bungeni kudai haki ya kura. Mji ulikuwa na hofu kubwa. Mayne akamwita kiongozi wao, Feargus O'Connor, akasema naye ana kwa ana. Akamwambia kwamba mkutano haukatazwi, lakini maandamano hayatavuka madaraja. Barua yao yaweza kupelekwa Bungeni kwa magari ya farasi. O'Connor akakubali. Palikuwa na vurugu kidogo darajani, lakini jioni watu walirudi kwao, wala hapakuwa na mauaji kama yale ya Manchester. Haifai nikawadanganya: wanajeshi wengi walikuwa tayari siku ile, ila walifichwa wasionekane. Hata hivyo, tangu mwaka 1819 hata 1848 ni miaka 29 tu, na katika miaka hiyo neno lilikuwa limepewa nafasi mbele ya upanga.

Rowan alistaafu mwaka 1850, akafa mwaka 1852. Mayne aliendelea mpaka kufa kwake mwaka 1868. Na hata yeye, katika uzee wake, alikumbushwa somo lake mwenyewe. Mwaka 1866 milango ya bustani ya Hyde Park ilifungwa ili mkutano wa siasa usifanyike. Watu wakaangusha vyuma vya ua, mawe yakarushwa, Mayne mwenyewe akapigwa akatoka damu, na jeshi likaitwa. Imani ya watu si nyumba ya mawe, ujengayo mara moja ukalala. Ni shamba, nalo lataka jembe kila mwaka.

Kabla sijamaliza, nina neno kwa wanafunzi wa historia. Mtasikia mara nyingi habari za kanuni tisa za Robert Peel juu ya polisi, na maneno kwamba polisi ni raia na raia ni polisi. Mawazo hayo ni mazuri, lakini hapana ushahidi kwamba Peel aliziandika kanuni hizo tisa. Zilikusanywa namna hiyo katika karne ya 20 na mwandishi Charles Reith. Mzizi wake umo katika maagizo ya mwaka 1829. Basi mpeni kila mtu heshima yake: Peel aliishinda hoja Bungeni, lakini Rowan na Mayne ndio waliolima.

Na jambo la mwisho latuhusu sisi. Peel huyo huyo alikuwa amekwisha anzisha kikosi cha namna nyingine huko Ireland mwaka 1814, na baadaye Ireland ikawa na polisi wenye bunduki wanaokaa kambini. Serikali ya Kiingereza ilipounda polisi katika makoloni, ilifuata zaidi mfano wa Ireland kuliko ule wa London. Ndivyo ilivyokuwa Kenya, na Tanganyika pia, ambako kikosi kilianzishwa mwaka 1919. Askari alifundishwa gwaride na bunduki, akamtii mkubwa wake, lakini raia hakuwa na njia ya kumwuliza kitu. Tarehe 16 Machi 1922, huko Nairobi, watu walikusanyika mbele ya kituo cha polisi alikofungwa Harry Thuku. Polisi wakapiga bunduki, na hata hesabu ya Serikali yenyewe ilisema waliokufa ni 21. Waingereza walikuwa wamejifunza somo la Manchester nyumbani kwao, ila hawakulichukua katika safari.

Leo nchi zetu zina polisi zao wenyewe. Polisi wa Kenya wana maneno yao, Utumishi kwa Wote, na katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imewaita huduma badala ya jeshi. Polisi wa Tanzania wana maneno yao, Usalama wa Raia. Maneno hayo ni mema, nayo yatutosha kuwapimia. Kila askari anayeyavaa amekubali kupimwa kwayo.

Lakini na sisi raia tusijitoe. Anayempa askari fedha mkononi ili kosa lisahauliwe amemnunua Jonathan Wild mpya. Anayeona mwivi akanyamaza, kisha akalaumu kwamba polisi hawakamati, amesahau kwamba askari ana macho mawili tu, na kijiji kina macho mengi. Na anayeonewa akinyamaza, aliyemwonea atamwonea na jirani yake. Soma namba, ipeleke kwa wakuu, useme kweli.

Basi rudini kwa yule mtoto wa njiani. Hajasoma maagizo ya mwaka 1829, wala hajui Rowan na Mayne ni nani. Anajua tu yale aliyoyaona siku askari alipofika nyumbani kwao: alisemaje na baba yake, alimtazamaje mama yake, na mkono wake uliondoka mtupu au umejaa. Kwa hayo ataamua kumkimbilia au kumkimbia.

Kwaherini, wasikilizaji wangu.